Sahani Iliyopita Mlango wa Nyuma

Hamadi, mdogo wangu,

Leo nimemdanganya Mama, na nimetafuta mtu wa kumwambia, nimemkosa. Zamani ningekupigia simu wewe. Basi nakuandikia, na nakuandikia kwa Kiswahili, kwa sababu ulikuwa unakielewa vizuri. Uvivu wako ulikuwa kwenye kujibu kwacho tu.

Barua ya wakili imefika asubuhi. Tumeshindwa. Ile kesi tuliyomfungulia jirani yako imetupwa, na wakili anasema hakuna pa kukata rufaa tena. Mama alinikalisha kwenye meza ya jikoni, akavaa miwani yake ingawa Kiingereza cha mahakama hakisomi, akaniambia nimfasirie mstari kwa mstari. Nikafasiri. Mahakama inasema mtu aliyekuwa ndani ya nyumba yake, akasukumiwa mlango wa jikoni na mtu asiyemtarajia, wakati kiza kinaingia, alikuwa na haki ya kuogopa. Inasema marehemu hakupita mlango wa mbele wala hakupiga kengele. Hapo Mama akanishika mkono.

"Hebu nambie Asha, kwa nini mwanangu kapita nyuma? Kapita nyuma kama mwizi, kwa nini?"

Nikamwambia, "Sijui, Mama."

Najua. Wewe unajua pia, na hakuna mtu wa tatu anayejua.

Unakumbuka ile bunduki yako ya maji? Ilikuwa ya rangi ya machungwa, ulikuwa na miaka sita, umepewa kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mwenzako wa skuli. Baba aliikuta bafuni akaivunja kwa kisigino, kisha akaibeba vipande vipande hadi pipa la taka la mtaa wa pili, kana kwamba pipa letu lisingeweza kuihifadhi. Ulilia mpaka ukatapika. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nikajifanya najua kila kitu, nikakuambia Baba ana wazimu. Baadaye ndipo Mama akanieleza kwamba kule Pemba, baada ya Mapinduzi, Baba alimwona kaka yake mkubwa akitolewa nyumbani kwa mtutu wa bunduki, mbele ya chai yake, na hakurudi. Baba alitoka pale na fundisho moja tu maishani: bunduki isiingie ndani, hata ya mchezo.

Ndiyo maana ulipopata ile kazi ya kupima maji ya ziwa huko Marekani, Mama alikataa. Baba alikuwa ameshafariki, lakini Mama alikataa kwa sauti yake Baba. Marekani kila mtu ana bastola, atakufa mwanangu, basi, mazungumzo yamekwisha. Ukanitazama kwa yale macho yako ya kuomba biskuti. Na mimi, hodari wa kutatua mambo ya watu, nikaenda maktaba, nikatafuta, nikagundua kwamba mji ule mdogo uliokuwa unakwenda ulikuwa na sheria yake wenyewe: bastola marufuku, hata ndani ya nyumba. Nikaichapisha karatasi nikamsomea Mama. Akaniuliza mara mbili kama ni sheria ya kweli. Nikamwambia, Mama, ni kama hapa. Hapa Uingereza walipiga marufuku bastola Hamadi alipokuwa sekondari, watu wakazipeleka polisi, yakaisha. Sisi tulidhani marufuku ikishawekwa imewekwa. Hatukujua kwamba kuna nchi mtu anaweza kuishtaki marufuku.

Mama akaikunja ile karatasi akaitia ndani ya msahafu wake. Ukaondoka kwa dhamana yangu.

Halafu mahakama yao kubwa ikaamua. Nilikuwa kwenye basi la 183, natoka kazini kwa wale wazee ninaowahudumia, mtu kaacha gazeti kitini. Habari ilikuwa ndogo, ukurasa wa ndani. Majaji wamesema haki ya mtu kuwa na bastola nyumbani kwake haiwezi kuondolewa na mji wala jimbo. Hawakukubaliana wote, waliozidi walizidi kwa mmoja. Mmoja tu, Hamadi. Nikalisoma gazeti mara ya pili, nikalikunja, nikaliacha palepale. Mama sikumwambia. Nilijiambia wewe unaishi na watu wapole, watu wa kukata majani na kulisha ndege, nani huko atakimbilia kununua bastola?

Ramadhani ikaingia wiki chache tu baada ya hapo.

Sasa nakuja kwenye lile neno langu. Nilikuwa nasubiri adhana ya magharibi hapa London, nyumbani Kingsbury, huko kwako bado mchana, na wewe ulikuwa unakaanga katlesi, nasikia mafuta yanavyolia kwenye simu. Nikakuuliza jirani yako, yule mzee aliyekuazima ngazi, umempelekea chochote mwaka huu? Ukaniambia mwaka jana ulimpelekea. Ulikwenda mlango wa mbele, ukapiga kengele, ukasubiri, akafungua, akashangaa, akafurahi. Nikacheka. Nilicheka sana, Mungu anisamehe. Nikakuambia, we Hamadi, unapeleka futari au unapeleka barua ya serikali? Umewahi kumwona jirani yetu Mama Hansa akipiga kengele kwetu? Chakula kinapita nyuma, jikoni, unasema hodi huku umeshaingia. Mlango wa mbele ni wa wageni. Ukimpigia mtu kengele unamfanya avae shati, atafute viatu, aone haya kwa sahani ya watu. Pita nyuma kama mtu wa nyumbani.

Ukacheka na wewe. "Okay, Dada. Back door it is."

Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu. Ulinitii. Katika maisha yako yote ulinitii mara ngapi? Nilikuambia uoe, hukuoa. Nilikuambia uvae kofia kwenye baridi, hukuvaa. Hili la sahani ndilo ulilolishika.

Nilikuja kukuzika peke yangu, Mama hakuweza ndege. Nilikwenda kuuona huo mlango. Ngazi tatu za mbao, mlango wa wavu, na ndani yake mlango wa jikoni umepakwa rangi ya kijani. Ungekuwa Kingsbury ningeingia bila kufikiri. Polisi mmoja mwanamke alinieleza polepole, kama anayemlisha mgonjwa. Mzee alikuwa amefungulia televisheni sauti juu, masikio yake mazito. Bastola aliinunua mwezi ule ule marufuku ilipoondolewa, kwa sababu ya wizi uliotokea mitaa ya mbali. Alisikia mlango unasukumwa, akasikia na sauti ya mwanaume. Alipiga kabla hajawasha taa. Walipofika walimkuta amekaa sakafuni, amekuwekea kitambaa cha vyombo kifuani, anakuita jina lako. Alikuwa analijua jina lako, Hamadi. Alilitamka vibaya lakini alilijua.

Nilitaka nimchukie. Ingenisaidia sana kumchukia. Niliporudi London niliichapisha ile hukumu ya majaji yote, nikawa naisoma kidogo kidogo kwenye basi, kwa kamusi. Nilikuwa natafuta mahali walipokosea. Nikakuta wanamzungumzia mtu mwenye hofu ndani ya nyumba yake, anayetaka kitu cha kujilinda wasije wakamtoa. Nikamkumbuka baba mdogo... hapana, baba mkubwa, yule aliyetolewa mbele ya chai yake. Hofu ni ileile. Baba alitoka nayo akavunja bunduki ya plastiki kwa kisigino, mtu mwingine akatoka nayo akaenda mahakamani, akashinda. Nilisoma mpaka mwisho. Walikuwa wamefikiria wezi, wamefikiria wazee wanaoishi peke yao, wamefikiria historia yao miaka mingi nyuma. Mtu anayekuja na sahani hakumo. Sikumpata popote. Siwalaumu hata kwa hilo, maana wao wangemjuaje?

Mimi nilijua. Nilijua marufuku imeondoka, nilijua mila yetu, nilikuwa mtu pekee duniani aliyekuwa na yote mawili kichwani siku ile, na nikacheka.

Nyumbani mambo yamebadilika. Mama ameweka komeo kwenye mlango wa jikoni, la chuma, lililopigiliwa na fundi wa duka la vifaa hapo barabarani. Mama Hansa alikuja wiki ile ile na thepla zake, zile chapati zao za Kigujarati, kapita uchochoro wa nyuma kama miaka yote, akasukuma mlango ukagoma. Nilikuwa ndani. Nilimwona kupitia kioo cha dirisha anasimama, anautazama mlango, na chombo chake mkononi. Mwanamke amehama Kisumu, amehama Nairobi, miaka yote ya Kingsbury alikuwa hajafungiwa jiko letu. Alizunguka mbele akapiga kengele. Nilipomfungulia akanikabidhi chombo palepale mlangoni. Tangu hapo anapiga kengele, na Mama humpokea sebuleni, wanakaa kwenye viti vizuri kama wanaopeana pole. Thepla zenyewe zinaliwa zimepoa.

Hii ni Ramadhani ya tatu bila sahani kutoka kwetu. Mama anapika ya watu wawili. Katlesi hapiki. Mwaka jana nilijaribu mimi, nikaponda mbatata, nikasikia mafuta yanaanza kulia, nikazima jiko nikaimwaga yote.

Usiniambie si kosa langu. Najua ungesema hivyo, ungelisema kwa Kiingereza, umejilaza kwenye kochi miguu juu. Watu watasema mwenye kosa ni aliyepiga, au aliyeuza, au majaji, na kila mmoja ana karatasi yake inayosema hana kosa. Wote wameshasafishwa. Mimi tu sina karatasi, kwa sababu hakuna aliyenishtaki. Ningefurahi kushtakiwa. Ningesimama niulizwe swali lile lile, kwa nini alipita nyuma, na nijibu mbele ya watu.

Mama ananiuliza kila siku, Hamadi. Hakuanza leo. Ananiuliza akiwa anakunja nguo, ananiuliza baada ya kutoa salamu kwenye swala. Anaogopa kwamba ulikuwa na jambo baya na jirani, kwamba ulikwenda kwa siri, kwamba kuna aibu iliyofichwa. Nimemwacha na hofu hiyo miaka yote hii ili nisionekane. Leo, nilipomsikia anatamka neno mwizi juu yako, kwa mdomo wake yeye aliyekuzaa, nikaona nimekuua mara ya pili.

Kwa hiyo nakuahidi. Leo hii, tukishafuturu, nitamwambia. Nitamwambia kwamba mwanawe alikwenda kama alivyolelewa, na sahani mkononi, kwamba alitaka kupita mbele na mimi nikamcheka. Nitamwambia na habari ya gazeti. Sitalia kwanza, maana nikilia atanionea huruma kabla hajasikia, na hiyo pia ni kudanganya.

Sijui atafanya nini. Sitegemei msamaha, na wewe sikuombi, kwa kuwa ungenipa haraka mno. Mungu akupe nafasi kaburini mwako, mdogo wangu, na akukutanishe na Baba, mwambie nilijua alichokuwa akikiogopa nikakisahau siku moja. Mama ameshaanza kupanga vikombe chini, namsikia. Nashuka. Akinifukuza nitachukua koti langu, nitapita mlango wa mbele, kama mgeni.

Dada yako,
Asha