Ile Funguo ya Kamba Nyekundu

Sasa Shiku, mahali niliachia siku ile nikikuongelesha kaburini, nilikuwa nakwambia vile huyo Mama Neema wako alilia kwa mazishi mpaka watu wa Kitengela wakaniuliza kama ni dada yako. Mimi niliuza nyanya na wewe meza moja miaka kumi na mbili, nikasimama nyuma ya tenti. Yeye Mtanzania wa juzi akapewa kiti ya mbele.

Iliniuma. Si unanijua.

Na haikuanza hapo. Ilianza ukihama Kitengela uende kukaa na hao wanawake wa Illasit. Nyumba nane, geti moja, jikoni moja, nusu Wakenya nusu Watanzania, ati mkiishi pamoja watu wa mpaka wataacha kukatana na panga juu ya maji ya mfereji. Nikakuuliza ni amani gani hiyo ya kupikwa kwa sufuria. Ulicheka, lakini ulienda. Halafu kila ukipiga simu ni Mama Neema hivi, Mama Neema vile. Ungekuwa umepata bwana mwingine ningevumilia.

Sasa kuna kitu nilifanya, usinikasirikie huko. Nguo zako zikitoka hospitali nilipewa nifue, na ndani nikapata ile funguo yako ya kamba nyekundu. Nikasema hii ni yangu, Mama Neema abaki na machozi. Nikaivaa ndani ya blauzi, nikaendelea na nyanya.

Ulikuwa umeniambia habari ya kufuli mbili za mfereji, moja inashikwa na Mkenya, ingine na Mtanzania, na maji haitoki mpaka wawili wafungue pamoja. Mimi nilidhani unajisifu tu.

Wiki mbili bila maji, Shiku. Vitunguu zikakauka pande zote. Vijana wa huku wakasema Watanzania wameficha funguo, wa kule wakasema ni Wakenya. Mmoja akakuja na nyundo, wenzako wakaketi juu ya kufuli wakakataa kutoka, maana ikivunjwa makubaliano imeisha.

Ndio Mama Neema akafunga safari mpaka kwa meza yetu. Akaniamkia shikamoo mbele ya wateja, na tuko rika moja. Nikamwambia mimi sijui mambo ya funguo. Na kamba imechungulia hapa kwa shingo. Aliiona. Akachukua nyanya moja, akaipangusa na kanga, akaigeuza ile upande imepondeka ikaangalia chini. Vile wewe ulikuwa unapanga. Nikamuuliza nani alimfunza hiyo.

"Wanjiku," akasema, jina lako lote. "Na yeye alisema amefundishwa na wewe. Kila siku Mama Kioko, Mama Kioko. Dada, nilikuwa nimeshakuchukia kabla sijakuona."

Nilicheka mpaka nikalia. Nikavua funguo nikampatia. Akairudisha kwa mkono yangu.

"Kufuli ile inafunguliwa na mtu wa kwenu. Njoo nayo."

Kwa hivyo nakuandikia nikiwa kwa kitanda yako, leo siku ya tisa tangu nije huku Illasit. Ile asubuhi ya kwanza vijana walikuwa wamesimama huku na kule na panga. Tukafungua, maji ikapita katikati yao, na mmoja baada ya mwingine wakaenda kutafuta jembe. Niliwaambia ni mimi nilikuwa nayo. Nikatusiwa kwa Kimaasai na Kichaga, na ilikuwa haki yangu.

Wivu haijaisha, nisikudanganye. Jana nimesikia ati ulikuwa unakula avokado na sukari. Shiku. Miaka kumi na mbili na hukuniambia. Nami nitampa hadithi zetu kidogo kidogo, lakini ile ya sisi wawili na ng'ombe ya pasta wa kanisa, hiyo hapati.

Pumzika, rafiki yangu. Hii kamba sitaivua. Nyanya nimeachia Kioko na mke wake, na kila asubuhi upande wetu utafunguliwa na mimi, hata nikiwa nimenuna. Na hata kama yeye

Huyo ananiita getini. "Mama Kioko, muage Wanjiku, maji hayangoji." Anajua ni wewe nakuandikia, na anaona wivu. Wacha niende, sijapata hata kiatu