Alichosema Bibi Yako

Mpwa wangu Hellen,

Marahaba, najua umeniamkia huko uliko hata kama sijasikia. U mzima? Baridi ya hiyo milima ya India imekuachia masikio? Mimi mjomba wako Nestory sijambo, kifua ni kilekile cha kubeba injini ya boti peke yangu, na vijana wa karakana yangu ya Igoma wanachomelea mageti kama kawaida. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu juzi simu ilinidondoka ziwani, sangara akaimeza mbele ya macho yangu. Mwalimu Obedi ataipiga picha barua hii akutumie.

Baada ya salamu, nina hasira na wewe. Tena siyo hasira ya kupoa kwa chai.

Unajua kwamba tangu mama apate kiharusi, Kiswahili chote kimemtoka, kimebaki Kikara chetu cha kisiwani tu. Kaka Pius akamchukua kwake Kiseke, akampa chumba chenye feni na runinga. Sikatai, alimtunza. Lakini Pius alilelewa Musoma tangu hajaota meno, Kikara hajui hata cha salamu. Mama akisema neno lolote, yeye na mkewe Noela wanamwongezea uji.

Mimi nilimsikia vizuri. Alisema anataka kurudi Ukara, alale nyumbani kwake, na siku yake ikifika azikwe kando ya dada Wilhelmina, mama yako. Kila nilipokwenda alisema hayohayo, machozi yakimtoka. Nikawaeleza kwenye kikao cha ukoo. Hellen, walicheka! Pius akauliza kama mkalimani ndiye yuleyule aliyemfunga mamba kamba akamwendesha kama pikipiki hadi Mkuyuni. Noela naye akaongeza kwamba nautamani mji wa mama tu. Nikawaambia mamba ni mamba na mama ni mama. Wakazidi kucheka.

Ndipo nikakukumbuka wewe uliyelelewa mgongoni mwake kwa Kikara. Nikamrekodi akisema yote, nikakutumia, nikakuomba umpigie Pius umweleze. Basi. Nawe ukanijibu nini? Kwamba umefurahi sana! Kwamba sauti ya bibi inapanda mwanzo wa neno kisha inashuka, karibu kama ya hao wazee wa mlimani uliokwenda kuwatafiti, ambao lugha yao hakuna aliyeiandika. Ukataka arudie kila neno mara tatu, mahali pasipo na kuku!

Mama yangu analilia kwao, wewe unapima sauti imepanda wapi! Mimi niliishia darasa la tano, lakini hata mbuzi akilia najua kama ana kiu. Hao wazee wako nawahurumia. Siku wakikwambia nyumba inaungua, utawaomba warudie polepole.

Sasa, kama Pius hajakufikia, sikia kwangu: nimeshamchukua mama. Jumapili walipokwenda misa nilimbeba mgongoni, nikampandisha meli ya Nansio, kisha kivuko. Alipoiona miamba ya kwetu alinyamaza, na tangu hapo hajalia. Leo amekula ugali wa muhogo na dagaa kwa mkono wake mzima, na uji ameukataa kabisa.

Pius amempigia mwalimu Obedi. Anasema nimemwiba mama, na Ijumaa anakuja na polisi kumrudisha Kiseke. Mama atasema tena yote mbele yao, mimi nitatafsiri, na hakuna atakayeniamini. Wewe wanakuamini. Isikilize ile sauti upya, safari hii kama mjukuu, kisha mpigie mjomba wako Pius kabla ya Ijumaa. Ukiona nimedanganya, mwambie nimedanganya, nifungwe.

Wasalimie hao wazee wa mlimani, hawana kosa. Bibi yako anakusalimia sana. Kuna na mengine amesema juu yako, ila hayo sitafsiri. Njoo umsikie mwenyewe.

Ni mimi mjomba wako mwenye hasira,
Nestory
Bwisya, Ukara