Mstari wa Kona

Kaka yangu,

Shikamoo. Huku sote wazima, ila paka wako amezaa tena, safari hii ndani ya begi lako la raga. Sijamfukuza.

Dabi ni Jumamosi. Wa mtaa wa juu wameshaanza kutamba, na fundi viatu wao ameapa kunyoa kipara tukishinda. Nimefua jezi za timu nzima, na yako pia, ingawa haina wa kuivaa. Geti likilia tu, nachungulia.

Baba bado anachora mistari ya uwanja kwa chokaa. Siku hizi natangulia kufunga kamba, naye anaifuata akiipapasa kwa unyayo, halafu anajisifu: "Umeona mkono wa fundi?" Namwambia nimeona.

Kibendera cha mwamuzi wa pembeni hatashika mwaka huu. Daktari wa macho anasema ugonjwa wake una miaka mitatu. Na ni miaka miwili tangu Baba ainue kibendera kwenye dabi, akasema umekanyaga mstari pale kwenye kona, bao lako la trai likakataliwa, nawe kesho yake ukafunga virago.

Baba naye amepiga hesabu hiyo. Jana tulipofika kwenye kona ileile, aliweka ndoo chini, akaniambia, "Muulize kaka yako. Alikanyaga?"

Usinijibu kwa barua. Mimi ndiye ninayemsomea, na hilo siwezi kumsomea. Njoo Jumamosi umwambie mwenyewe, hata kama utamdanganya.

Mdogo wako,
mfua jezi