Viatu vya Namba Arobaini na Tatu

Belcourt, Algiers
13 Oktoba 1994

Kwako binti yangu Huria,

Salamu nyingi, na baada ya salamu nataka kujua kama unakula. Katika picha uliyotuma nilimwona mtu mwembamba amesimama mlangoni kwako, nikadhani ni mpangaji. Sisi wazima, ila goti langu la kushoto limeanza ukaidi, na mdogo wako Redwan anakohoa kwa sababu hataki sweta.

Ijumaa tulipanda tena. Tuliingia Bustani ya mimea asubuhi, tukapita kwenye mitende mpaka ule mti wenye mizizi inayoning'inia, tukaugusa na kumtaja asiyekuwepo, kama baba yenu alivyotuzoesha. Tulikutaja wewe. Kisha tukatokea geti la nyuma, tukashika njia ya msituni chini ya misonobari mpaka Nyumba ya Juu, lile jumba la kale. Mlinzi alitufungulia ua, tukanywa kahawa yetu kando ya chemchemi. Majirani wanasema tuache, siku hizi watu wanachinjwa na watu wanachukuliwa. Nimewajibu kwamba marehemu mume wangu alipanda njia hiyo hata enzi za Wafaransa. Labda ni ubishi tu. Lakini ndiyo asubuhi pekee ya wiki ambayo Redwan anacheka.

Namwachia nafasi chini, maana ananipumulia shingoni.

Mama yako

*Dada, usimsikilize. Hatupandi, tunavutana. Mama anakwenda kama foleni ya maziwa. Viatu vyangu vimeachama midomo, nitumie vingine, namba 43. Visiwe vya rangi ya chungwa kama vile vya mwaka juzi, mtaa mzima uliniita Karoti. Mdogo wako.*


Saint-Étienne
20 Novemba 1994

Mama yangu,

Nakubusu kichwa na mikono yote miwili. Nakula, Mama. Yule mwembamba ni mimi, koti ndilo pana. Kazi ya kufua mashuka ya hospitali inaendelea, na redio iko juu ya mashine. Kila wakitaja Algiers nazima mashine nisikie.

Naomba, kwa heshima ya Baba, Redwan asipande tena msituni. Kijana wa miaka ishirini na miwili siku hizi anaogopwa na pande zote mbili, serikali na wenye silaha wa mlimani. Azunguke humo Bustanini, kwenye watu.

Bi Wardia jirani yetu alikuja huku kumwona mwanawe, na akirudi atakuletea viatu. Ni vyeusi kabisa. Karoti, vaa soksi nene, na uniandikie mistari mirefu kidogo.

Binti yako Huria


Belcourt, Algiers
8 Januari 1995

Kwako Huria,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Sisi hatujambo. Viatu vimefika. Redwan amevijaribu na vimemkaa sawasawa, anakushukuru. Hakuweza kuandika, ana mwiba kidoleni.

Ijumaa tulipanda kama kawaida, njia ileile mpaka Nyumba ya Juu, tukanywa kahawa. Baridi si kali sana. Wewe jitunze, na usisikilize sana redio.

Mama yako


Saint-Étienne
26 Februari 1995

Mama,

Ramadhani njema. Nakubusu kichwa. Sijalala vizuri tangu Jumatatu, na nitakuambia kwa nini.

Sofiane, mtoto wa muoka mikate, amefika hapa. Nilimkaribisha futari. Nikamwambia kwa furaha kwamba nyinyi bado mnapanda kila Ijumaa. Akaweka kijiko chini. Akasema njia ya juu imezibwa kwa seng'enge tangu Novemba, hata mbwa hapiti. Nikamuuliza habari za Redwan. Akasema chakula kitamu, mashallah, akaaga kabla ya chai.

Mama, mlipita wapi? Na mwiba gani unaomzuia mtu kuandika jina lake?

Najua desturi yetu, kwamba aliye ugenini hapelekewi msiba. Baba alipokufa mlinificha mpaka arobaini ikapita. Mliniandikia kwamba ananisalimu, nami nikamjibu, nikamuuliza kama anataka tumbaku. Nilimuuliza maiti kama anataka tumbaku. Usinifanyie hivyo mara ya pili. Niambie mdogo wangu yuko wapi.

Huria


Belcourt, Algiers
19 Machi 1995

Binti yangu,

Nisamehe. Nimeianza barua hii mara nyingi, na kila mara naishia kwenye salamu.

Redwan hayupo. Ilikuwa Ijumaa ya kwanza ya Novemba. Goti lilikuwa limevimba, nikamwambia apande peke yake, mimi nibaki nipike kuskusi. Nilimfungia mkate na chupa ya kahawa. Nilimwambia asichelewe. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake, maneno ambayo mtu humwambia anayekwenda dukani.

Mzee wa getini alimwona akiugusa mti. Mlinzi wa Nyumba ya Juu alimwona akifika, kisha gari jeupe na wanaume wanne wasio na sare. Hakupiga kelele. Mlinzi anasema alipanda garini kama mtu anayeitwa kutoa ushahidi. Chupa ilibaki kwenye ukingo wa chemchemi, kahawa bado ya moto.

Nimekwenda kituo cha polisi, kambini, hospitali, na mochwari ambako walinifungulia droo moja baada ya nyingine. Wa upande huu wa serikali wananiambia amekwenda mlimani kwa wenye silaha. Wanaowajua wa mlimani wanasema hawana mtu huyo. Hakuna anayesema amekufa, hakuna anayesema yu hai. Majirani hawajui waje na pole au waje na dua, basi hawaji.

Viatu vilipofika nilivikumbatia jikoni, nikakuandikia uongo ule. Nilijiambia akirudi kesho, utakuwa umeumia bure.

Sasa navivaa mimi. Nimejaza sufi mbele ili visinivuke. Kila Ijumaa naingia Bustani, nagusa mti, namtaja, na napanda mpaka kwenye seng'enge. Kuna askari pale, sura ya mtoto. Mara ya kwanza aliniambia, "Mama, rudi, hapa hapapitwi." Nikamwambia, "Mwanangu alipita kabla hamjafunga. Namsubiri ashuke." Siku hizi ananisogezea sanduku la risasi nikae.

Sikukuficha kwa sababu ya desturi tu, Huria. Nilikuwa na mahali pamoja duniani ambapo Redwan bado alikuwa anacheka, napo ni kichwani mwako. Sikutaka kumtoa humo.

Mama yako


Saint-Étienne
2 Aprili 1995

Mama,

Nimekasirika, na nimekulilia wewe kuliko nilivyomlilia yeye. Usiniambie nisije kwa kuwa hali si nzuri. Nakuja kiangazi, tutakwenda pamoja kwenye milango ya polisi na kambi, na picha yake nitaibeba mimi.

Binti yako


Belcourt, Algiers
10 Oktoba 1999

Kwako binti yangu Huria,

Nakusalimu, nikitumaini mumeo na mtoto hawajambo, na kwamba unakula kwa ajili ya huyo wa pili aliye tumboni. Mimi nipo. Goti limechoka kugoma, sasa linanifuata tu.

Tangu kiangazi kile tulichosimama pamoja kwenye milango yao, hakuna jipya. Juzi waliniita ofisini wakanipa karatasi nitie sahihi kwamba amekufa, ili mambo yaishe. Nilimuuliza yule bwana amekufa lini, amezikwa wapi. Akasema karatasi haina sehemu hiyo. Nikamrudishia kalamu yake.

Ila seng'enge wameiondoa. Ijumaa nilipanda njia nzima kwa mara ya kwanza. Misonobari imeangusha majani mengi, hapakuwa na alama ya mguu wa mtu. Nyumba ya Juu inapakwa chokaa, mlinzi ni mwingine, hamjui yeyote. Chemchemi imekauka. Nilikunywa kahawa yangu ukingoni, nikamimina na kikombe cha pili, kisha nikashuka.

Nina ombi moja. Viatu vimekwisha soli, navihisi vijiwe vyote vya njiani. Nitumie vingine. Najua utataka kuninunulia vya saizi yangu, usifanye hivyo. Nunua namba arobaini na tatu, sufi ninayo.

Na visiwe vya rangi ya chungwa. Unajua hapendi.

Mama yako