Mabawa ya Ndorobo

Sitalike, Jumatano, Novemba 1974

Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua imegoma. Nakiri hapa kwa maandishi: jana nilimwonea mtoto.

Nilikuwa nawachorea darasa la saba ndorobo, nzi anayeeneza malale kwa watu na mifugo. Sina kitabu chenye picha yake, na mimi niliyekulia Moshi mjini sijawahi kumtazama kwa makini. Nikachora nzi wa kawaida, mabawa yametanuka, nikamwongezea mdomo mrefu. Kalunde, binti wa mlina asali, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, ndorobo akitua analaza bawa moja juu ya jingine. Kama mkasi uliofungwa."

Wenzake wakacheka. Nikadhani wananicheka mimi, nikamsimamisha nyuma mpaka kipindi kikaisha.

Leo kaja na baba yake. Nikajua nimeshtakiwa.

"Mwalimu, mtoto hajala tangu jana," mzee akasema kwa upole. "Anasema kakuvunjia heshima. Nikaona nikuletee ndorobo mwenyewe, umtazame."

Akanipa kiberiti. Nikakifungua kidogo tu. Ndorobo alikuwa hai, mabawa yamelaliana sawasawa na alivyosema Kalunde.

Lakini pembeni yake kulikuwa na buu jeupe, nene, linajikokota.

"Kazaa njiani huyo," mzee akasema. Ujanani aliwahi kuajiriwa kukamata ndorobo porini, ndiko alikojifunza. "Hatagi mayai kama nzi wengine. Anabeba mimba, anazaa mmoja mmoja."

Nzi anabeba mimba! Miaka miwili nafundisha sayansi, sikulijua hilo.

Nilimwomba Kalunde radhi mbele ya baba yake, kisha mbele ya darasa, na hiyo ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Nikafuta mchoro wangu, nikampa chaki. Alichora taratibu, ulimi nje, huku kiberiti kikipita dawati kwa dawati. Kilipomfikia wa mwisho, buu lilikuwa limekuwa jeusi na gumu kama mbegu.

Kalunde akageuka kutoka ubaoni. "Mwalimu, lilipokuwa tumboni lilikuwa linakula nini?"

"Sijui," nikasema. Neno hilo sijawahi kulitamka darasani.

Jumamosi nitapanda lori kwenda Mpanda kumuuliza bwana mifugo. Kalunde kaomba twende wote, na mzee karuhusu.

Sasa najiuliza: na bwana mifugo asipojua, tumuulize nani?