Maji ya Mgongo

Jumanne, 8 Juni 1954
Mwanangu Gaudens amerudi kutoka shuleni anakofundisha, saa nne asubuhi. Homa, kichwa, kutapika. Mkewe Demetria ameziba dirisha kwa kanga, mwanga unamuumiza. Nimemwambia Gaudens ainamishe kidevu kifuani. Hakifiki! Miaka ishirini na sita nilifanya kazi maabara ya hospitali, shingo ya namna hiyo naijua.

Jumatano, 9 Juni
Muhsin wa dukani ametuchukua kutoka Keko kwa gari lake la mizigo. Ameniketisha mbele kwa ajili ya moyo wangu mbovu, akasema nikimfia njiani atanidai maelezo huko huko ahera.

Daktari anasema utando wa ubongo umevimba. Kama ni bakteria, huua upesi, na dawa ipo. Kama ni virusi, mara nyingi ugonjwa hupoa wenyewe. Kwa sasa anampa penisilini kwa kubahatisha. Bila kumchoma mgongoni na kuyapima maji yake hawezi kujua.

Demetria amekataa. Anasema sindano hiyo ndiyo iliyomuua baba yake, fundi Alfonsi. Gaudens, macho kayafumba, akasema kama mke wangu hataki, mie pia sitaki.

Daktari akanigeukia. Nimejifanya sikusikia. Mimi!

Alhamisi, 10 Juni
Naandika kwanza, nisije nikarudi nyuma. Moyo huu hautanifikisha Krismasi.

Alfonsi hakuuawa na sindano. Mwaka 1941, Jumamosi moja ya Kwaresima, chupa yenye maji ya mgongo wake ilifika mezani kwangu saa sita kasoro robo. Saa sita tulikuwa tunafunga. Nilikuwa mpiga kinanda wa kanisa na kwaya ilikuwa inaningoja. Maji yalionekana safi kwa macho. Sikuyaweka kwenye hadubini. Nikaandika: seli hakuna. Daktari wa wakati ule akasimamisha vidonge vya salfa vya kuua bakteria, akabaki na kwinini ya malaria. Jumatatu nilipofungua mlango, yaliyobaki chupani yalikuwa meupe kama maji ya mchele, bakteria wamezaana. Alfonsi alikuwa amezikwa Jumapili.

Mjane wake alikuja maabara kuniuliza. Nikamjibu kwamba sindano ya mgongo wengi hawaiwezi. Alikuwa amemshika mkono binti wa miaka minane. Binti huyo ndiye Demetria! Miaka mitatu sasa ananipikia.

Saa tisa alasiri. Nimemwambia, kwenye benchi nje ya wodi. Yote, hata habari ya kinanda. Hakulia.

"Mama alikufa anajua?"

Nikasema hapana. Akaniacha pale, akaingia kumwambia daktari achome.

Ijumaa, 11 Juni
Majibu: maji safi, seli za limfu tu, ambazo huja na virusi, sukari ya kawaida, bakteria hawakuonekana. Daktari akauliza kama shuleni kuna matubwitubwi. Gaudens akasema nusu ya darasa la tatu wana mashavu kama maandazi. Basi daktari anaona ni virusi vya matubwitubwi vimepanda kichwani. Penisilini haina kazi hapo. Alale penye giza, anywe maji mengi, apewe aspirini, aangaliwe shingo na fahamu zake kila saa. Gaudens ameomba uji. Nilitaka kumbusu.

Demetria hajaniita baba tangu jana. Amemzuia nesi asiandike kwamba dawa imesimamishwa. Amekuja akasimama mbele ya benchi langu.

"Mzee, aliyeyapima, ameyapima kweli?"

Nikasema siku hizi kuna utaratibu. Akasema hata siku zile utaratibu ulikuwepo. Daktari amekubali nikatazame mwenyewe, kioo chenye tone la maji yale bado kiko chini ya hadubini. Maabara iko ghorofani na miguu yangu imevimba, kwa hiyo Muhsin ametafuta kiti cha kunibebea. Huyo anakuja nacho. Demetria ametangulia kwenye ngazi. Anasema atakachosema mzee ndicho atakachofuata, dawa iendelee au ikome.

Sijamwambia kwamba macho yangu yana ukungu tangu mwaka jana, na kwamba seli siwezi tena kuziona.