Mashine Uliyomtumia Baba Yako

S.L.P. 41,
Wamagana,
Nyeri.

14 Juni 2025

Mpendwa mwanangu Theuri,

Pokea salamu zangu mimi baba yako mkubwa kutoka nyumbani, ambako baridi ya Juni imeshuka mapema na Mlima Kenya haujaonekana wiki nzima. Natumaini wewe, mkeo Nyawira na mtoto wenu Warigia hamjambo, na kwamba kile kifua ulichokuwa ukilalamikia kimepona. Huko kwenu sasa ni kiangazi, lakini jioni usiache kuvaa vizuri.

Sisi tu wazima kiasi. Goti langu la kushoto linanisumbua ninapoteremka kwenda kituo cha chai, lakini kupanda hakuniumizi. Ng'ombe amezaa ndama jike, mwekundu, mkorofi kama mama yake. Majani ya chai ni haba kwa sababu ya baridi. Dada yako Tabby hajambo na saluni yake mjini inaendelea vizuri. Baba yako anakula na anatembea. Juu ya hayo mengine nitaandika hapa chini.

Umeniuliza mara nyingi kwa simu kama ile mashine inafanya kama walivyoahidi walioiuza. Kila mara nilikujibu kwamba nitakuandikia. Sikutaka jambo hili lisemwe huku Tabby ameshika simu na baba yako amekaa kiti cha pili, akisikia.

Kwanza nitimize nilichoagizwa. Baba yako aliniambia nikuandikie kwamba mashine ni nzuri sana na kwamba anakushukuru. Nimekwisha kuandika. Sasa nitakueleza yaliyotokea.

Ilipofika Januari tuliifungulia sebuleni. Nilitarajia kitu kikubwa, nikaona kitu kinachotoshana na Biblia ya madhabahuni, chenye vibonyezo vya kukanyagwa kwa mguu na kioo kidogo. Tabby alikisoma kijitabu chake, kisha akasema kwa kile Kiswahili chake ambacho mimi mwalimu sikufaulu kukinyoosha: "Baba, hii kitu iko na amplifaya mia mbili ndani. Wewe chagua tu."

"Na yangu iko?" baba yako akamwuliza.

"Yako? Hizi ni za Ulaya na Amerika."

"Basi hizo mia mbili ni za wenyewe."

Hata hivyo alichomeka gitaa lake, akajaribu sauti za amplifaya hizo mchana kutwa, na nakiri kwamba tulicheka sana siku ile. Kila amplifaya aliipa tabia ya mtu. Moja alisema ni tajiri anayetembelea maskini. Nyingine alisema imelewa lakini haitaki ijulikane. Nyingine ikamfurahisha mpaka akafumba macho, akasema huyu angemwajiri katika bendi yake siku zile za Karatina. Lakini hakuna aliyoiita yake, na wewe unajua kwamba ukumbusho wa mama yako ulikuwa unakaribia. Baba yako alikuwa ameahidi mbele ya kaburi kwamba atampigia wimbo wake mwaka utakapotimia, na kwa sauti ile aliyoijua. Lile sanduku lake la zamani, amplifaya ya gitaa, lilikuwa limeanza kunyamaza katikati ya wimbo. Ndiyo maana ulituma mashine, na ulifanya vyema. Nataka ulikumbuke neno hilo unapoendelea kusoma.

Ndipo Tabby akagundua ile ahadi ya pili, ambayo naamini ndiyo iliyokufanya uinunue: kwamba ukiiunganisha na amplifaya yoyote, mashine huisikiliza na kujifunza sauti yake. Baadaye amplifaya yenyewe hata ikifa, sauti hubaki. Tabby akamweleza baba yake kwa mfano uliokuwa rahisi. Akasema ni kama kupiga picha.

Unamjua baba yako na mambo ya picha. Ulipokuwa unaondoka kwenda ng'ambo, sote tulipanda kwenda studio mjini, naye akakataa kusimama mbele ya kamera mpaka nilipomvua mtu mwingine tai na kumfunga yeye. Mama yako aliwapaka nyote mafuta usoni hadi mkang'aa. Kwetu mtu hapigwi picha alivyo. Hupigwa picha akiwa ameoga, amechana nywele, na kifungo kilichokatika kimeshonwa. Kwa hiyo baba yako aliposikia neno picha, alilitazama lile sanduku, lenye vumbi na spika iliyotiwa kiraka, akaona haya. Alisema, "Siwezi kulipiga picha likiwa na nguo iliyoraruka."

Akalipeleka mjini kwa Ilyas, yule fundi wa redio mwenye duka karibu na msikiti. Mimi nilifuatana naye. Ilyas alifanya kazi safi, wala simlaumu kwa lolote. Alibadilisha waya zilizochoka, na akaweka spika mpya kabisa. Alipomaliza aliishika ile ya zamani mkononi, akauliza, "Mzee Wamae, hii utaenda nayo?"

"Ya nini?" baba yako akajibu. "Itupe huko."

Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu, nami sikuona ubaya wowote.

Siku ya kunakili sauti, Tabby aliweka maikrofoni mbele ya sanduku. Mashine ikaanza kulichokoza kwa milio ya ajabu, mara kama maji yanayochemka, mara kama filimbi, na sanduku likijibu kila mlio, kama mtu anayehojiwa na daktari. Ilipomaliza, Tabby akamwambia baba yako ageuke akabili ukuta na apige. Akawa anahamisha sauti kutoka sanduku hadi mashine na kurudi, akimtaka aseme ni ipi. Baba yako alishindwa kutofautisha. Mimi pia nilishindwa. Kwa hiyo, Theuri, jibu la swali lako ni kwamba walioiuza hawakukudanganya. Mashine iliiga kile kilichowekwa mbele yake, bila kuongeza wala kupunguza.

Lakini baba yako hakugeuka kutoka ukutani. Alipiga nyuzi za chini tena na tena, kisha akauliza, "Huyu ni nani?"

Alikuwa na maana ya sanduku lenyewe, si mashine. Ule mkwaruzo mdogo uliokuwa katika nyuzi za chini, kama mtu anayetaka kukohoa na kujizuia, haukuwepo. Sauti ilikuwa safi. Ilikuwa safi kama chumba ambacho mtu amehama.

Hakukata tamaa papo hapo. Alisema karatasi ya spika mpya ni kama kiatu kipya, italegea ikitumiwa. Akawa anapiga kila alasiri, na mimi nikiwa shambani nilimsikia, nikadhani anafanya mazoezi. Haikulegea. Kisha siku moja alikuja kwangu akiwa hana kofia katika manyunyu, akasimama mlangoni na kusema, "Kilikuwa kile kiraka."

Sasa nikueleze jambo ambalo hukuwa na umri wa kulikumbuka. Spika ile uliitoboa wewe. Ulikuwa hujaanza shule. Ulichukua mwiko mdogo wa jikoni ukaupenyeza kwenye karatasi ukitaka kumtoa mtu anayeimba humo ndani. Mama yako alijua baba yako angekuchapa, maana siku hizo sanduku lile ndilo lililowalisha, na alikuwa anarudi jioni ile kulichukua akapige dansi Othaya. Basi alikoroga unga wa ngano kwa maji ya moto, akakata kipande cha kitambaa chake cha buluu cha kichwa, akaliziba lile tundu na kulikausha juu ya moshi wa jiko. Wewe alikuficha kwangu. Baba yako alilibeba sanduku bila kujua, akalifungulia mbele ya watu, na hapo ndipo mkwaruzo ule uliposikika mara ya kwanza. Watu walipenda sana. Waliuliza amplifaya hiyo mpya ameipata wapi. Aliporudi alfajiri alikuwa na furaha kiasi kwamba mama yako alimwambia ukweli, na hakuna aliyechapwa.

Kwa hiyo sauti uliyokua ukiisikia, ambayo kila mtu kutoka hapa hadi Mweiga aliijua kuwa ya Wamae, ilitengenezwa na wewe pamoja na mama yako. Baba yako aliizoea hata akasahau ilikotoka. Alikiona kiraka kama kiraka tu.

Tulikwenda kwa Ilyas siku ile ile. Maskini Ilyas alimwaga magunia yake yote sakafuni. Mwishowe alikumbuka kwamba mnunuzi wa vyuma vikuukuu alikuwa amepita, na kwamba mizigo yake hupelekwa Kenol. Baba yako hakutaka kuambiwa kesho. Kule Kenol tulizunguka katika yadi zenye milima ya vyuma, wazee wawili wenye makoti, tukiulizia kipande cha kitambaa cha buluu. Kijana mmoja alitusikiliza kwa heshima ya mjukuu kwa babu zake, akatuonyesha rundo la sumaku za spika. "Guka, sisi tunataka sumaku na shaba," alisema. "Karatasi tunaipasua hapo mlangoni. Inaenda na upepo." Baba yako alisimama mlangoni pa yadi ile akitazama chini kwa muda mrefu. Palikuwa na karatasi nyingi. Hapakuwa na ya buluu.

Siku ya ukumbusho tulikuambia kwamba mtandao ulikatika, ndiyo sababu hukumwona baba yako akipiga. Haukukatika. Tabby aliizima simu kwa makusudi, na mimi ndiye niliyempa ishara. Mashine ilikuwa imeunganishwa na vipaza sauti vya kanisa, hema limejaa, na mchungaji amemkaribisha. Baba yako alisimama kando ya kaburi, akapiga mwanzo wa wimbo wa mama yako, ule mwanzo wa nyuzi za chini. Halafu akaacha. Akautoa ukanda shingoni, akaliweka gitaa kitini kama mtu anayemlaza mtoto, akakaa chini kando yake. Watu wakaanza kuimba ili kumsitiri. Walidhani kwamba majonzi yamemzidi, na hawakukosea. Lakini baadaye aliniambia, "Ningempigia kwa sauti asiyoijua, angedhani ni mtu mwingine amekuja kumposa." Alijaribu kucheka aliposema hivyo.

Najua ulivyoumia kwa kutofika kumzika mama yako, kwa kuwa karatasi zako za ukaazi hazikuwa zimetoka. Najua kwamba mashine hii ilikuwa njia yako ya kuwa hapa. Kwa sababu hiyo baba yako hataki ujue, na kila Jumapili unapomwomba akupigie gitaa kidogo kwa simu, anakwambia vidole vimekufa ganzi. Vidole vyake ni vizima. Nakuomba usimwombe tena. Akikuambia kwamba mashine ni nzuri, mwambie umefurahi, kisha mwulize habari za ng'ombe.

Kuna jambo moja la mwisho. Wiki iliyopita nilimkuta jikoni mwa mama yako, pale ambapo hakuna aliyewasha moto tangu alipofariki. Alikuwa ameikata spika mpya kwa kisu, mpasuko wa urefu wa kidole. Alikuwa amekoroga unga. Kipande cha kitambaa kingine cha mama yako kilikuwa mezani, amekikata vizuri. Alikibandika, tukakaa kando ya jiko tukisubiri kikauke. Kisha akapiga. Mwanangu, ilikuwa sauti mbaya. Ilikuwa inakwaruza, naam, lakini kama mlango. Alijaribu gundi nzito zaidi, kisha nyepesi zaidi. Mwishowe alikibandua kile kitambaa, akakiosha, akakianika kwenye kamba.

Nilimwambia baba yako kwamba Ilyas anaweza kuweka spika nyingine, mpasuko ule usimsumbue.

"Uache hivyo hivyo," akasema. "Mwenye kazi hii ana jina lake, na yuko hai."

Sikumwelewa mara moja. Kisha nikakumbuka kwamba wewe, kama desturi yetu inavyotaka, ulimpa binti yako wa kwanza, Warigia, jina la mama yako, na kwamba baba yako humwita mke wake. Mke huyo ana miaka minne. Anamjua kwa kioo cha simu tu. Sidhani kwamba mikono yake itajua yaliyojulikana na mikono ile mingine, na sidhani kwamba hata baba yako anaamini hivyo. Lakini kitambaa kimekunjwa na kuwekwa kwenye kabati pamoja na mwiko mdogo, vikimngoja mtoto, na kila baba yako anapouliza habari zenu siku hizi huuliza kwanza kama mtoto amekuwa mkubwa.

Mlete, Theuri. Karatasi zako zikitoka, usisubiri msimu wa nauli nafuu. Mimi na baba yako hatuna umri wa kusubiri msimu.

Tabby anakusalimu, na anasema umtumie picha za mtoto akiwa amesimama, si zile za kulala. Wambugu, mwalimu mwenzangu wa zamani, anakusalimu na kuuliza kama bado unakosea mgawanyo wa sentensi. Ilyas pia aliniomba nikufikishie pole zake, naye bado anapekua kila gunia linalopita dukani kwake. Msalimie sana Nyawira. Na mbusu Warigia wetu kwenye viganja vyote viwili, umwambie ni kutoka kwa mume wake.

Mungu awalinde huko mliko, na awafungulie njia ya kurudi.

Ni mimi ambaye sijaacha kukupenda tangu siku ulipofichwa chini ya kitanda changu,

Baba yako mkubwa,
Kingori